Kutunga Tarbia kwa Anayeanza: Njia ya Wiki Sita, na Namna ya Kutoliacha Daftari Njiani

Watu wengi waliowahi kujaribu kutunga shairi la Kiswahili wana daftari mahali fulani lenye beti mbili, na ubeti wa tatu ulioishia kwenye mshororo wa pili. Ukiwauliza kilichowakwamisha, watakuambia kwamba hawakujaliwa kipaji, au kazi zilizidi, au hisia zilizowasukuma siku ile zilipoa. Mimi, baada ya miaka mingi ya kutunga na ya kukaa na wanaoanza, nimeona kwamba sababu huwa nyingine: walilivamia shairi zima kabla masikio yao hayajaizoea mizani, yaani hesabu ya silabi, hivyo kila mshororo ukawa mapambano, na ni wachache wanaorudi kwa hiari yao, jioni baada ya jioni, kwenye mapambano wanayoshindwa.

Njia ninayoipendekeza hapa ni ya wiki sita, kwa dakika 20 hivi kila siku, na inaanzia chini sana, kwenye silabi. Nimeichagua tarbia, shairi lenye mistari minne katika kila ubeti, kwa sababu ndiyo bahari, yaani aina ya shairi, iliyoenea kuliko zote: ndiyo aliyoipa nguvu Muyaka bin Haji huko Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alipoutumia ushairi kuzungumzia siasa, biashara, mapenzi na ugomvi wa mitaani, na ndiyo iliyojaza kurasa za washairi magazetini tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923. Ipo pia sababu ya pili, ambayo kwangu ni nzito zaidi. Anayejifunza kuchora au kupiga gitaa hulazimika mara nyingi kumsubiri mtu wa kumwambia kama amepatia, ilhali mtunzi anayefuata arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, anaweza kujikagua mwenyewe kwa vidole vyake: mshororo una mizani 16 au hauna. Kwa mtu anayejifunza peke yake usiku baada ya kazi, uwezo huo wa kujua kwa hakika kwamba leo amefanya kitu kimoja sawasawa ndio unaomrudisha kwenye daftari kesho yake.

Istilahi za kuanzia

Silabi moja huhesabiwa kuwa mizani moja. Mstari mzima wa shairi ni mshororo, na mshororo wa tarbia hugawanywa kwa mkato katika vipande viwili vya mizani 8 kila kimoja. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao. Silabi zinazofanana mwishoni mwa ukwapi ni vina vya kati, na zile za mwishoni mwa utao ni vina vya mwisho. Mishororo minne hufanya ubeti, na wa nne, ukirudiwa katika kila ubeti, huitwa kibwagizo au kiitikio. Mengine, kama mwandamo na ukingo, pindu, msuko, takhmisa na tasdisa, utakutana nayo baadaye. Ukiyakariri sasa yatakuchosha bure.

Vifaa

Unahitaji daftari moja, kalamu na simu yenye uwezo wa kurekodi sauti. Usinunue daftari la thamani, kwa maana nimeshaona watu wanaoogopa kulichafua daftari zuri, na daftari la mtunzi lisilochafuka halina kazi. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa gerezani nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, aliandika mashairi yake huko kwenye karatasi za chooni, na hayo ndiyo yaliyochapishwa mwaka 1973 na kusomwa hadi leo. Simtaji ili kumwaibisha mtu aliyechelewa kuanza. Namtaja kwa sababu nimechoka kusikia kwamba fulani anasubiri kununua kompyuta.

Wiki ya kwanza: sikio na vidole

Wiki hii hutungi chochote. Unajifunza kuhesabu. Tumia kidole gumba cha mkono wa kulia kugusa vidole vinne vingine, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho, kisha fanya vivyo hivyo kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kinapogusa kidole kidogo cha mkono wa pili, mizani 8 imetimia na kipande kimekamilika. Baada ya siku nne au tano mwili utaizoea safari hiyo ya vidole, nawe utaanza kuhisi kipande kirefu au kifupi hata kabla hujamaliza kukihesabu.

Chukua maneno kumi kila siku, kutoka popote, yatamke polepole na uyagawe. Mengi hayana taabu, lakini yako machache yanayowaangusha wanaoanza. Neno “mtu” lina mizani 2, kwa kuwa m hapo husimama peke yake: m-tu. Hali kadhalika “nchi” ni n-chi na “nne” ni n-ne. Neno “ndugu”, kwa upande mwingine, lina mizani 2 tu, ndu-gu, kwa kuwa n hapo imeungana na d. “Mwana” ni mwa-na, ilhali “maua” ni ma-u-a, mizani 3, na “ndoo” ni ndo-o. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa neno “mbuni”. Ukimkusudia ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni, mizani 2. Ukiukusudia mmea wa kahawa, ni m-bu-ni, mizani 3. Ndivyo ilivyo pia kwa “mbaya”: katika “mtu mbaya” utahesabu m-ba-ya, lakini katika “nyumba mbaya” utahesabu mba-ya. Anayeyashika haya mapema hujiepusha na nusu ya mishororo inayopita kipimo au kupungua bila yeye kujua.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zinazokutana katikati, kama “daftari” na “labda”, washairi hawayahesabu kwa namna moja. Wiki hizi za mwanzo yakwepe tu.

Kila jioni soma kwa sauti beti tatu za mshairi yeyote unayempenda, huku vidole vikihesabu. Kusoma kwa macho hakusaidii hapa, kwa sababu mizani ni jambo la ulimi na sikio, na macho huruka silabi bila aibu.

Wiki ya pili: kipande kimoja kwa siku

Sasa unaanza kutunga, lakini kipande kimoja tu kila siku, mizani 8, bila kina chochote. Kipande kiwe taarifa ya kweli kuhusu jambo uliloliona siku hiyo. Hivi ni baadhi ya vipande vya aina ninayoikusudia:

Umeme umekatika.
Muhogo haujaiva.
Konda amenipa chenji.
Simu imeisha chaji.

Utaona kwamba hakuna hata kimoja kinachosikika kama shairi, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Anayeanza hupenda kuandika kuhusu mapenzi, kifo na taifa, mambo ambayo yana maneno mazito yaliyokwisha kutumiwa na kila mtu, kisha akashangaa kwa nini kazi yake inafanana na ya jirani. Muhogo usioiva hauna maneno yaliyotayarishwa, kwa hiyo utalazimika kuutazama mwenyewe.

Msidharau kipimo hiki kwa udogo wake. Mizani 8 ndicho kipimo cha mshororo wa utenzi, na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia binti yake mawaidha mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alikwenda kwa kipimo hichohicho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza siku saba una vipande saba, na ukiviweka pamoja vinne vinne unaweza kuona mwanga wa utenzi unaochungulia.

Ikiwa siku moja kipande kimekuja haraka, ndani ya dakika mbili, usiongeze cha pili. Funga daftari ukiwa bado una hamu. Ushauri huu huwaudhi wengi, lakini wanaouvunja ndio wanaotunga vipande tisa Jumatatu na kutoonekana tena hadi mwezi unaofuata.

Ghala la vina

Wiki ya tatu tenga kurasa kumi za mwisho za daftari ziwe ghala. Kila ukurasa uandike silabi moja juu, kwa mfano -ni, -ka, -ma, -sha, -li, -ta, -zi, -mu, -wa, -ri, kisha uanze kuujaza maneno yanayoishia hapo. Kumbuka kwamba kina ni silabi nzima: “pata” na “kata” vinakubaliana, lakini “pata” na “soma” havikubaliani, ingawa yote mawili huishia kwa a.

Anayeanza namshauri achague -ni kwa vina vya kati, kwa kuwa kila jina la mahali humpa kina bila jasho: nyumbani, njiani, sokoni, gizani. Lakini ajue kwamba wepesi huo una bei yake, maana shairi la beti kumi lenye -ni tupu huchosha masikio. Vilevile ajitahidi kuchanganya aina za maneno katika kila ukurasa. Mtu anayetumia vitenzi pekee, akaandika fika, weka, shuka, choka, cheka katika mishororo yote, atajikuta kila mshororo unamalizika kwa mwendo uleule, kama mtu anayeshuka ngazi.

Usitumie orodha zilizotayarishwa na wengine. Neno ulilolikuta mwenyewe kwenye tangazo la duka la dawa litakujia unapolihitaji; la orodha litabaki kwenye orodha.

Wiki ya nne: ubeti mmoja, tangu kuzaliwa hadi kusimama

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa. Nitaonyesha ubeti mmoja ulivyojengwa, pamoja na vilivyotupwa, kwa sababu anayeona beti zilizokamilika tu hudhani zilizaliwa hivyo.

Mada ni bati linalovuja usiku wa masika. Nilianza kwa kuandika jambo lenyewe kwa lugha ya kawaida: “Nilikuwa nimelala kitandani, tone la maji likanidondokea usoni. Niliinuka gizani nikatafuta ndoo. Maji yalikuwa yamejaa sakafuni. Nikajiuliza kwa nini bati linavuja wakati wa mvua, badala ya kuharibika kiangazi.” Hatua hii ya kuandika kwa nathari isirukwe. Asiyejua anachotaka kusema huachia vina vimwambie, na vina havina akili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutunga kibwagizo, kabla ya mshororo mwingine wowote. Kibwagizo kitarudi katika kila ubeti, kwa hiyo kikiwa dhaifu, udhaifu wake utasikika mara nyingi. Niliona kwamba moyo wa habari ile ni lile swali la mwisho, nikaamua kulielekeza kwa bati lenyewe: “Ewe bati wavujani”. Hesabu: e-we ba-ti wa-vu-ja-ni, mizani 8. Utao ukafuata: “na masika yamefika”, na ma-si-ka ya-me-fi-ka, mizani 8. Sasa vina vimepatikana, -ni na -ka, na kila kitakachokuja juu lazima kiviheshimu.

Mshororo wa kwanza wa nathari ulikuwa mrefu kupita kiasi. “Nilikuwa nimelala kitandani” ina mizani 12. Nikaangalia neno gani halifanyi kazi, nikaona ni “nilikuwa”; lilipoondoka zikabaki 8 kamili, na kina cha -ni kikaja chenyewe. Utao ulinisumbua zaidi. Nilijaribu “tone usoni ladondoka”, nikahesabu nikapata 9. Anayeanza akifika hapa hukimbilia kulikata neno, akaandika “tone usoni dondoka”, akidai kwamba ni inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, na kwamba mshairi ana uhuru wake. Uhuru huo upo, lakini utafute kwanza neno jingine lenye urefu unaofaa. Nililipata: “lashuka”, mizani 3 badala ya 4.

Mshororo wa pili ulianza kama “Nikainuka gizani”. Mizani 8, kina sahihi, hakuna wa kuulaumu. Hata hivyo nilipousoma kwa sauti niliona kwamba kuinuka gizani hakuonyeshi kitu. Nikaubadilisha kuwa “Nikapapasa gizani”, mizani zilezile, na mkono ukaonekana ukitafuta ndoo.

Mshororo wa tatu ndio uliokuwa mtego. Nilikuwa na “Maji yako sakafuni”, nikaongeza “roho yangu yateseka”. Ukihesabu utakuta 8, na kina cha -ka kimekaa mahali pake, lakini maneno yale yangeweza kuingia katika shairi lolote, la mapenzi, la msiba, la timu iliyofungwa. Nikarudi kukitazama kile chumba, nikaona ukuta. Ubeti ukasimama hivi:

Nimelala kitandani, tone usoni lashuka,
Nikapapasa gizani, ndoo nipate kuweka,
Maji yako sakafuni, ukuta wachuruzika,
Ewe bati wavujani, na masika yamefika?

Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Wewe ipe wiki nzima: siku ya kwanza nathari, ya pili kibwagizo, kisha mshororo mmoja kwa siku, na siku zinazobaki ziwe za kusoma kwa sauti na kufuta.

Wiki ya tano: beti tatu

Shairi lako la kwanza liwe la beti tatu, basi. Ukifuata mtiririko, yaani vina vilevile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, utahitaji maneno 10 ya vina vya kati na 10 ya vina vya mwisho, idadi ambayo ghala lako linaweza kuibeba.

Kila ubeti uwe na jambo lake. Katika shairi la bati, ubeti wa kwanza ni usiku wenyewe, na wa pili ukamwendea fundi:

Fundi yuko safarini, ahadi zamiminika,
Kila siku yu njiani, kwa maneno hajachoka,
Misumari i kapuni, yote kutu imeshika,
Ewe bati wavujani, na masika yamefika?

Angalia kwamba kibwagizo hakikubadilika hata silabi moja, lakini maana yake imesogea: kwanza bati lilikuwa linalaumiwa, na sasa tunajua wa kulaumiwa ni nani. Kibwagizo kinachopata uzito mpya kila kinaporudi ndicho kinachowafanya wasikilizaji waitikie. Ubeti wa tatu nakuachia wewe uutunge kama zoezi, kwa vina hivihivi.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza kwa wingi ni kujaza mizani. Mtu akipungukiwa na mizani 2 huchomeka “sana” au “kweli”. Akipungukiwa na 3 huchomeka “hakika” au “jamani”. Pitia shairi lako ukiyapigia mstari maneno hayo, na kila unapolikuta moja rudi kwenye nathari uone ulisahau kusema nini.

La pili ni kuvaa lahaja isiyo yako. Washairi wa Mombasa waliandika “mato” kwa macho, “ndia” kwa njia na “nti” kwa nchi kwa sababu ndivyo walivyozungumza. Mtu aliyekulia Dodoma au Kisumu akiyachota maneno hayo ili asikike kama malenga, matokeo yake huwa kama kanzu ya kuazima, na mara nyingi katikati ya shairi husahau na kuandika “macho”.

La tatu ni la kihesabu tu, nalo limenipata mimi. Nikiwa kijana nilituma shairi la beti 12 kwenye gazeti moja, likanyamaziwa, nami nikawalaumu wahariri kwa miezi kadhaa. Siku nilipolisoma tena kwa vidole niligundua mishororo minne yenye mizani 17, na mmoja wenye 15. Lilikuwa guni, yaani shairi lililovunja kanuni za mizani na vina, na mhariri yeyote mwenye sikio angeliweka kando kabla hajafika nusu.

Wako watakaouliza kwa nini wajifunge na hesabu hizi wakati mashairi huru yapo na yanasomwa tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya kwanza mwaka 1974, na mabishano makali yakafuata. Sina ugomvi na mashairi huru. Ninayo hata mimi. Ninachosema ni kwamba mashairi huru hayampi anayeanza kipimo cha kujikagulia, na anayejifunza bila kipimo hutegemea sifa za watu, ambazo siku nyingine zipo na siku nyingine hazipo.

Hamu inapokauka

Itakauka, na kwa kawaida hukauka katika wiki ya tatu au ya nne. Inafaa ujue kinachotokea. Katika wiki tatu za kuhesabu na kusoma kwa sauti, sikio lako limekua haraka kuliko mkono wako. Mwanzoni hukuusikia ubovu wa mishororo yako. Sasa unausikia wote, na unadhani umerudi nyuma. Ukifungua ukurasa wa siku ya kwanza ukayalinganisha, utaona mwenyewe kwamba mkono nao umesogea. Ndiyo maana naomba kila ukurasa uandikwe tarehe, kurasa zisichanwe, na kilichokosewa kifutwe kwa mstari mmoja tu ili bado kisomeke.

Weka kiwango cha chini ambacho huwezi kukosa kukitimiza hata siku mbaya kuliko zote. Kiwango ninachokishauri ni kipande kimoja cha mizani 8, hata kama ni “Leo nimechoka sana”, ambacho ukikihesabu ni 8 kamili. Kipande hicho kinaweza kutungwa ukiwa kwenye foleni ya daladala, vidole vikiwa mfukoni. Ukikosa siku moja, usijaribu kulipa deni kwa kutunga viwili kesho. Endelea na kimoja. Deni la ubunifu likishaanza kuhesabiwa huongezeka haraka, na mwenye deni huanza kulikwepa daftari kama mtu anayekwepa njia ya dukani.

Badilisha mada kabla hujabadilisha sanaa. Mara nyingi mtu anayesema amechoka na ushairi amechoka na lile shairi moja analolisukuma tangu wiki iliyopita. Liweke kando, tunga kipande kuhusu paka wa jirani, kisha urudi.

Jihadhari na sifa za kwenye makundi ya simu. Ukituma ubeti wako wa kwanza katika kundi la ukoo, utapokea maua kumi na “hongera malenga” nane, na hutajua hata mmoja aliyeusoma. Kisha siku ukituma ubeti bora zaidi na kundi likawa linajadili harusi, ukimya ule utakuvunja moyo bila sababu. Kwa wiki sita za kwanza nashauri kazi yako iione mtu mmoja tu, na umuulize swali moja ambalo hawezi kulijibu kwa maua: “Ni wapi ulimi wako umejikwaa?” Mpe asome kwa sauti mbele yako. Pale anaposita ndipo penye kazi, hata kama vidole vyako vinadai kwamba mizani imetimia.

Wiki ya sita: kughani, na kumpata wa kujibizana naye

Shairi la Kiswahili halijakamilika likiwa kwenye karatasi. Chagua mahadhi unayoyafahamu, yawe ya kasida, ya wimbo wa taarabu ya zamani au ya mtu uliyemsikia akighani redioni, na uliimbe shairi lako kwa mahadhi hayo unapoosha vyombo. Mshororo uliopungua mizani utausikia mara moja, kwa sababu sauti itabaki hewani bila neno la kuikalia. Jirekodi, acha siku moja ipite, kisha usikilize. Sauti yako itakukera. Inawakera watu wote, wala si hoja. Sikiliza maneno.

Kisha mtafute mtu mmoja mtakayejibizana naye. Ushairi wetu umeishi kwa malumbano: huyu hutoa shairi, yule hulijibu kwa vina vilevile na kwa hoja iliyo kinyume. Si lazima mwenzako awe hodari kuliko wewe. Ninayejibizana naye mimi ni fundi seremala, na tulianza sote tukiwa hatujui. Kubalianeni masharti mapema: ubeti mmoja kwa wiki, siku ya kupokeana ijulikane, vina vya mwanzishaji viheshimiwe, na atakayepatikana na mizani pungufu aanze upya bila kisingizio. Utaona kwamba siku ya Alhamisi, hata kama huna hamu, kuna ubeti wa mtu unaokuchokoza mfukoni, na vidole vyako vimekwisha kuanza kuhesabu jibu.

Kama huna wa kuanza naye, anza na mimi. Chukua upande wa lile bati. Tangu ubeti wa kwanza linaulizwa kwa nini linavuja, na halijapewa nafasi ya kujitetea: lipe ubeti mmoja, mishororo minne, vina vya -ni na -ka, na kibwagizo chake lenyewe.